Indiketa ya Kushoto

Kuna harufu moja ambayo siipendi wala siichukii: harufu ya petroli kwenye kipande cha msasa. Wiki mbili zilizopita niliinusa gereji, mjini Dodoma, fundi alipokuwa akisafisha taa ya nyuma ya gari langu. Nikajikuta nimesimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, miguu nimeibana, kama nilivyosimama nikiwa na miaka kumi. Fundi alidhani ninamkagua. Niliona haya nikaenda kukaa kwenye benchi. Yeye sikumweleza kitu, lakini wewe nitakueleza.

Kwetu ni Ihumwa. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na gari lake lilikuwa saluni nyeupe iliyochoka, ambayo hakuwahi kuipeleka kwa fundi. Aliamini kila hitilafu ni hesabu na kila hesabu ina njia. Akikosa jibu alirudi mwanzo wa njia bila kugomba, kama alivyotufanyia darasani. Mama alikuwa akimtania kwamba siku gari hilo likipona kabisa, atakosa mtu wa kuzungumza naye.

Mama alifariki mwishoni mwa mwezi wa tano, baada ya kuugua siku chache. Sifichi kitu nikisema sikumbuki mengi. Nakumbuka uani kumejaa watu na masufuria ambayo hayakuwa yetu. Nakumbuka wanawake wakinitazama, wakingoja nilie, na mmoja akinifinya begani, labda kunisaidia. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ukiugusa unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Siku ya arobaini, tulipoanua matanga, wazee wa ukoo walikaa kikao. Kwetu Wagogo mambo ya mtoto hayaamuliwi na mzazi mmoja, hasa mzazi huyo akiwa mwanaume aliyebaki peke yake na binti. Nani atamfundisha mambo ya kike? Ikaamuliwa nikalelewe na shangazi Dorika, dada mkubwa wa baba, kule Mlali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachambua mlenda, nikingoja baba aseme neno. Alisema moja tu, "Nimesikia." Ikapangwa anipeleke Jumamosi inayofuata.

Jumamosi hiyo tuliamka mapema. Ulikuwa upepo ule wa mwezi wa saba, wa baridi na vumbi jekundu, unaoingia mpaka kwenye chumvi. Begi langu lilikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma. Baba hakuwahi kusafiri bila kukagua taa, kwa sababu njia ya kwenda huko ina matrafiki, na yeye aliona ni aibu mwalimu kuandikiwa kosa. Akaniambia nisimame nyuma ya gari nimwambie kinachowaka.

"Breki?"

"Zinawaka."

"Kulia?"

"Inawaka."

"Kushoto?"

"Haiwaki, baba."

Hapo nilikuwa nasema kweli. Baba alizima gari kabisa, akashuka. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo kila aliposhuka alizima kwanza. Hivyo mimi ndiye niliyeona mwanga, naye ndiye aliyegusa waya, na niliamini kabisa kwamba kazi ile haifanyiki bila watu wawili.

Alifungua kifuniko cha taa kwa bisibisi, akachomoa globu, akaiinua juani. "Uzi wake mzima," alisema. Lakini hakujiamini kwa macho tu. Alichomoa ile ya kulia iliyokuwa ikiwaka, akaihamishia kushoto. Nayo ikagoma. "Basi globu tumeifuta," alisema, akimaanisha tumeitoa kwenye hesabu. Fyuzi nayo aliifuta, maana indiketa ya mbele upande huohuo ilikuwa ikiwaka, na zote mbili zinakula umeme kwenye fyuzi moja. Kilibaki kikombe kinachoshika globu na waya zake. Akanionyesha ndani ya kikombe. Kifuniko kilikuwa na ufa, maji ya masika yalikuwa yameingia, na shaba ilikuwa imefunikwa unga wa kijani. Akakata kipande cha msasa, akakilowesha petroli kidogo, akasugua taratibu mpaka shaba ikang'aa. Akarudisha globu, akaingia ndani ya gari.

"Haya, kushoto?"

Iliwaka. Nakumbuka rangi yake ya chungwa, ikija na kuondoka, safi kabisa, kama nusu mita kutoka tumboni mwangu.

"Haiwaki, baba," nilisema.

Ningependa kukuambia kwamba nilipanga. Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, na nikiwa bado namsikiliza aliyelisema, nikaelewa kwamba gari lisipopona leo, mimi leo sitalala Mlali. Sikuogopa wala kufurahi. Niliendelea kusimama tu, mikono mgongoni.

Baba alikaa kidogo kwenye kiti. Kisha akazima, akashuka, akasema, "Sawa. Tuendelee."

Tukaendelea. Alifungua nati inayoshika waya kwenye bodi la gari, akakwangua rangi na kutu chini yake, akaifunga upya. Nikasema haiwaki. Alitoa zulia la buti, akaufuata ule waya sentimita kwa sentimita, akabandua utepe wa zamani kwenye maungio, akakata, akaunga upya, akafunga utepe mpya. Nikasema haiwaki. Kila mara indiketa ilinipigia mwanga tumboni, na kila mara nilisema haiwaki kwa sauti ileile ya upole. Nadhani sijawahi kusema uwongo vizuri namna ile tena maishani.

Kama saa sita hivi akaja Baba Neema, jirani yetu, mtu mwema ambaye hakuweza kupita penye gari lililofunguliwa bila kulisaidia.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mama. Mwalimu, bado hamjaondoka tu? Linasumbua nini?"

"Indiketa," baba alijibu kutoka ndani.

Baba Neema akaja kusimama karibu yangu, akiikodolea macho taa.  Nilijua swichi ikiguswa mara moja tu nimekwisha. Lakini baba alishuka, akafunga mlango, akasema betri imechoka, aiache ipumzike. Wakazungumza habari za mahindi. Baba Neema alipoondoka, nilimshukuru Mungu kwa betri mbovu.

Jioni shangazi alipiga simu. Baba alimwambia gari lina hitilafu na bado anaitafuta. Tulikula ugali na mlenda bila kusemezana, kama tulivyokula tangu matanga. Aliposhika tonge nikaona vidole vyake. Kimoja kilikuwa kimechanwa na bati la buti, amekifunga kitambaa. Alipotaka kukisafisha nilimshikia bakuli la maji ya chumvi. 

Jumapili tulipotoka kanisani hakubadili hata shati la ibada. Alipiga magoti nyuma ya gari, akafungua tena kifuniko kilekile, akachukua tena msasa, akarudia tangu mwanzo wa njia. Nikamtazama kisogo. Kilikuwa kimejaa vumbi, na nywele zake, ambazo mama alikuwa akizinyoa, zilikuwa zimeota ovyo shingoni. Kitambaa cha kidole kilikuwa kimelowa damu upya. Nikawaza kwamba mtu huyu atatafuta jibu hili mpaka afe, nami ndiye niliyelificha. Nilimwonea huruma. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia ndani yangu tangu mwezi wa tano.

Akaingia ndani ya gari. "Kushoto?"

"Inawaka, baba."

 Indiketa iliendelea kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, muda mrefu sana kwa mtu anayetunza betri. Kisha akaizima, akaniita nipande. Mpaka tunafika Mlali hatukusema zaidi ya maneno kumi. Shangazi Dorika alinilea vizuri, sina lawama naye hata kidogo. Baba alikuja kila likizo. Lakini nilikua nikimdai moyoni neno lile ambalo hakulisema kwenye kikao, na nikiamini ananidai mimi siku mbili za jasho lake. Nilifikiri tumelipana.

Sasa nirudi gereji. Fundi alipomaliza aliniita nisikilize. Alichomoa globu ya nyuma, akawasha indiketa, nayo ikalia ndani ya gari tik-tik-tik-tik, haraka haraka. Akairudisha, ikalia taratibu. "Ukisikia inakimbia, dada, jua globu moja upande huo haiwaki," alisema. "Ikiwaka inatulia. Magari mengi ya aina hii yako hivyo tangu zamani. Dereva anajua akiwa palepale kwenye kiti, hahitaji kumsimamisha mtu nyuma." Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akacheka, akanirudishia ile sauti.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Ihumwa. Baba amestaafu, ana mizabibu michache nyuma ya nyumba, nami nilimkuta akiipogoa. Tulipokwisha kula nilimuuliza moja kwa moja, kwa sababu nimeshakuwa mtu mzima na nimechoka kukisia.

"Baba, ile indiketa ulijua inawaka?"

Hakuuliza indiketa gani.

"Tangu ile mara ya kwanza ya msasa," alisema.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alichagua maneno, kama mwalimu anayetaka mtoto wa nyuma naye aelewe. "Kikao kilikuwa kimeshasema, mama. Mimi kukipinga nisingeweza, dada yangu mkubwa alikuwa amekubali, wazee wamekubali. Lakini hakuna mzee aliyesema niondoke na gari bovu. Nikaamua nione wewe utasema haiwaki mpaka lini."

"Na kama ningeendelea kusema haiwaki?"

"Ningeendelea kufungua," alisema. "Mwezi mzima. Mpaka shangazi yako achoke kupiga simu."

Nilikusanya vyombo nikavipeleka jikoni, nikafungua maji, nikaosha sahani moja ileile kwa muda mrefu.  Yeye alikuwa akingoja nimwambie haiwaki. Mimi nikasema inawaka kwa kumwonea huruma.