Miiba ya Gogogo

Gogogo ni kambale mdogo, hazidi kiganja, lakini ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, miwili mbavuni. Ukimshika huisimamisha ikakaza, huku akilalamika kwa sauti ya kukwaruza. Ndiyo maana kwetu Kishanda mwanamke hakumpelekea mwanamume gogogo kabla ya kuvunja miiba hiyo kwa jiwe. Ilikuwa heshima, kama kupiga magoti.

Mama alikuwa mjane, nami bintiye, na mgono wake wa kutegea samaki mtoni ndio uliotupatia kitoweo. Tulipoingia ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi akaanza kuja jioni na kupapasa kapu letu la samaki bila kubisha hodi, akijichagulia wanono. Siku moja akaubeba na mgono wenyewe.

"Samaki wa mto ni mali ya kijiji," alisema.

Tukawa tunakula ndizi kwa chumvi, na kwake kunanukia samaki. Nilimchukia mtu yule, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Asubuhi moja niliingia matopeni na ungo mkuukuu, nikachota gogogo hai. Sikuvunja mwiba hata mmoja. Nikawatia kapuni, nikafunika kwa jani la mgomba, nikampelekea. Nilipiga magoti vizuri kuliko siku zote.

"Mama anakusalimu, waitu," nilisema, kwa neno letu la heshima. "Anaomba mgono wake."

Hakuitikia hata salamu. Mkono ulishazama chini ya jani.

Ukelele ule nausikia hadi leo, na bado unanipendeza. Gogogo mmoja alining'inia kiganjani mwake, mwiba umeingia na kukaza, na kila alipomvuta alizidi kujiumiza. Akaja mbio kwetu, kwa mama, amvunjie mwiba.

Mama alimtazama, akaendelea kumenya ndizi.

"Waitu, huyu si mali ya kijiji? Nitamvunjaje bila kikao?"

"Mae, mama yangu, nakuomba!" Akapiga magoti, yeye, juu ya maganda ya ndizi.

"Na mgono wangu?"

"Utaupata leo hii!"

Ndipo mama akaokota jiwe.

Balozi aliurudisha mchana ule ule, watu wakitoka shamba la kijiji. Mkono ulikuwa umevimba, haushiki kitu, ikabidi aubebe mgono kichwani kama wanawake. Nilimsubiri njiani. Nikapiga magoti mbele yake, nikamsalimu polepole, ili asimame hapo kidogo na kila mtu amwone.