Stata ya Gari ya Guka Ilikuwa Sisi

Haikuungua, Kim. Wacha kucheka hapo kwa group. Ulisema ati stata ya volti sita, ile mota ya kuamsha injini, ukiipea betri ya volti kumi na mbili itatoa moshi, na Guka atalilia gari mara ya pili. Haikutoa moshi. Na hata ingetoa, wewe ungejuaje na uko Nairobi, hujakanyaga mtaa wetu wa Skuta tangu upate kazi?

Kwa wale hawajui hii maneno ilitoka wapi, nianze mwanzo. Najua mtasema mimi bado kijana, sina ruhusa ya kusema enzi zetu. Nitasema tu. Enzi zetu, Jumapili ya Skuta haikuanza na kengele ya kanisa. Ilianza na Guka, baba ya mama yangu, amesimama kwa geti na koti yake ndefu, akiita, "Stata." Na stata ilikuwa sisi.

Gari yake ni ile ya mgongo wa kobe, injini iko nyuma, rangi ilikuwa samawati kabla jua na ukungu zigawane. Ilikuwa ya volti sita, na kwa baridi ya hapa, ile ya Julai, volti sita ni kama kuamsha mlevi kwa kumnong'oneza. Jumamosi jioni Guka alikuwa anatoa betri anaiweka kando ya jiko, karibu na sufuria ya githeri, ati ishike joto. Mama alikuwa anamwambia, "Baba, siku moja utatupakulia hiyo kitu." Alikuwa anaifunika na gunia anaenda kulala na roho safi. Asubuhi anageuza ufunguo, gari inasema "ngrr" moja ya uvivu, halafu kimya.

Hapo ndio tunaitwa. Watoto walikuwa wanatoka kila nyumba. Wa bano wanaacha gololi zao, wa gari za waya wanaegesha gari zao kwa ua, wa uji wanakuja na masharubu ya uji. Tumevaa nguo za kanisa, zile sweta za kufumwa zenye mikono inafika magotini kwa sababu "utakua ikutoshe". Kila mtu alikuwa na pahali yake. Wewe, Kim, ulikuwa bampa ya kushoto, na usikatae. Mimi nilikuwa katikati, karibu na ekzosi, ndio maana nilikuwa nafika Sunday school na uso kama matako ya sufuria. Watoto wa askari wenye walikuwa wamehamia kutoka Kakamega hawakujua Kikuyu hata kidogo, lakini bega walijua kuweka.

Tunasukuma mpaka mteremko. Guka anaachilia klachi, gari inakohoa, inaruka, inashika. Hiyo harufu ya petroli, mpaka leo nikiipata mahali nasikia njaa ya mandazi. Kwa sababu hapo chini alikuwa anasimama, tunajazana ndani, mwingine amekalia mwingine, anatupeleka mpaka kwa mama wa mandazi ndio aende kanisa. Alikuwa anapenda kusema, "Gari si yangu. Mimi ni dereva tu wa watu wa kusukuma."

Halafu tukakua. Wengine Nairobi, wengine Nanyuki, mwingine ng'ambo huko anatutumia picha za theluji kama sisi hatujawahi kuona Mlima Kenya.

Mwaka huu, Jumapili moja, nikiwa natoa matope kwa viatu, nilisikia Guka akiita kwa geti vile alikuwa anaita zamani. Akaita tena. Mtoi mmoja akatoa kichwa kwa dirisha, simu kwa mkono, akaangalia, akarudisha kichwa. Na watoto wapo, usidanganywe. Unasikia televisheni kila nyumba. Nilienda nikasukuma peke yangu mpaka mgongo ikanitusi. Gari haikusonga hata urefu wa kuku.

Guka alifunga mlango ya gari polepole. Jioni akaniambia ameongea na mtu wa skrapu, wale wa kupima kwa kilo, atakuja Jumatatu ya wiki ingine. "Gari ya kusukumwa inataka watu," akasema. "Na watu wameisha."

Nilikasirika mpaka nikapiga teke ndoo ya kuku, na ndoo haikuwa na makosa. Hiyo gari ipimwe kwa kilo nikiwa hai?

Betri ya volti sita siku hizi huwezi pata. Ya kumi na mbili iko kila duka. Kwa hivyo nikaamua gari yote ihamie kumi na mbili. Balbu na dainamo nilipata Chaka. Stata ndio ilikataa. Nilitafuta mpaka Kerugoya, watu wa spea wananiangalia kama mtu anauliza bei ya ngamia. Basi nikafungua ile ya zamani.

Mimi sikusomea hii kitu. Nimesomea kwa simu na kwa kuharibu. Ndani kuna koili nne za shaba nene. Kwa volti sita, moto, yaani umeme ya betri, inaingia kwa njia mbili, koili mbili huku, mbili kule. Nikazikata nikaziunga ziwe njia moja, moto ipite koili moja baada ya ingine, ichoke kidogo ikiwa njiani. Nikaunga na solda, nikafunga na kitambaa ya pamba, nikapaka vanishi. Nikaijaribu kwa meza. Ikatetemeka tu kama mtu ameona nyoka.

Hapo nilitaka kuitupa mto Chania. Lakini nikachukua sumaku ya spika ya redio ya Guka, nikaifunga na uzi, nikaipitisha kwa koili zikiwa na moto. Inafaa ivutwe hapa, isukumwe pale, ivutwe tena. Moja ilikuwa inavuta mahali pa kusukuma. Nilikuwa nimeiunga kinyume. Nikaigeuza, ni hiyo tu.

Jumapili, Guka akakalia kiti, akageuza ufunguo. Gari ikawaka kabla atoe mkono. Akaisikiliza kidogo. Halafu akaizima.

"Guka, imekubali."

"Nimesikia. Ita watu."

"Wa nini na inajiwasha?"

"Nimesema ita watu."

Karibu nimeze spana. Lakini nikazunguka mageti nikigonga. Katoto kamoja kakaniuliza kama kwa gari kuna waifai. Nikakaambia kuna mandazi. Wakatoka, na maskio zimezibwa na vitu za muziki, na slipas. Wakasukuma gari nzima kama wajinga mpaka mteremko, mmoja akapakwa uso na ekzosi, wengine wakamcheka mpaka wakakaa chini. Jumatatu mtu wa skrapu akakuja. Guka akampea chai na ile betri ya volti sita, akamwambia aende salama.

Enzi zetu tulitoka tukiitwa mara moja. Hawa ni mpaka ugonge. Lakini wanatoka, na Jumapili iliyofuata wawili walikuwa kwa geti kabla Guka apate koti.

Kim, bampa ya kushoto bado ni yako. Na wewe mwenye unasoma hii ukiwa umelala, ni lini mara ya mwisho ulisukuma gari ya jirani?