Lori Lipo, Simu Inakataa

Mimi hugombana kuhusu programu za kompyuta jinsi wengine wanavyogombana kuhusu mpira. Nikikaa na mtu wa kazi yangu, kabla soda haijafunguliwa nitakuwa nimeshamwambia kwamba lugha anayoandikia ni ya kujionyesha, kwamba programu ya zamani inayofanya kazi kimyakimya ni bora kuliko mpya inayosifiwa kila kona, na kwamba aliyebuni kile kiduara kinachozunguka huku kikikuomba usubiri anastahili kukitazama maisha yake yote. Sioni aibu. Kwa miaka mingi nilifanya kazi Kampala, kwenye ofisi ya vioo, nikiandika programu za wenye mabenki, na huko maoni yangu yalijulikana hadi kwa walinzi wa getini.

Kisha nikaomba likizo bila mshahara, nikarudi nyumbani Kasese. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, naweza kufanya kazi ya teknolojia huku kwetu, kwa ajili ya watu wa huku kwetu, nao wakaitumia? Ikiwezekana, nitabaki. Isipowezekana, narudi kwenye vioo. Bosi wangu, mtu mwema kwa kweli, aliniambia kiti changu kitaningoja mpaka Ijumaa aliyoitaja, halafu atampa mtu mwingine. Mama yangu ana shamba la mpunga Mubuku na hapendi maneno mengi. Nilipomweleza mashaka yangu aliniuliza kama kompyuta humea Kampala peke yake. Nikamsaidia kubeba gunia.

Kazi yenyewe niliikuta Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Siku ya soko, wanawake huja na pasheni, maharage, nyanya na samaki wakavu, halafu wanatafuta nafasi kwenye malori yanayokwenda Kikorongo na Kasese. Wanapita lori hadi lori wakiuliza, mizigo imeachwa juani, kumbe lori lenye nafasi limesimama nyuma ya duka la saruji na dereva wake anapiga miayo. Nilipoliona hilo mikono ilianza kuniwasha. Dereva aandike kwenye simu anakokwenda, saa ya kuondoka na nafasi iliyobaki. Mama afungue simu yake, aone, aende moja kwa moja. Nilifurahi mno siku hiyo, hata chai niliyoagiza sikuimaliza.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa dada mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alisomea kompyuta huko kabla vita havijamleta upande wetu, na sasa ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, chenye picha ya Bikira Maria juu ya msitu wa waya za chaji. Ni mdogo kwangu kwa umri na ananiita yaya, yaani dada mkubwa, lakini heshima inaishia hapo hapo. Yeye anapenda kila kitu kilichotoka jana.

"Yaya, hii kitu yako iko ya bazee," aliniambia nilipomwonyesha nilichotaka kutumia kuhifadhi habari za malori. "Kwetu hata batoto ba masomo habatumii tena hii."

"Hiyo ya wazee haijawahi kuniangusha."

"Juu haikimbie. Itakuangusha namna gani?" Kwao "juu" ni "kwa sababu".

Tulibishana hivyo wiki nzima, na nakiri ilikuwa wiki tamu. Mimi nilitaka ujumbe mfupi wa maandishi, ule wa simu ya kitochi, kwa sababu kila mtu anao. Yeye alitaka programu yenye picha: lori, mizani, kitufe kikubwa cha kijani. Nikasema bando ni ghali, nani atapakua? Akacheka, akachukua simu yangu na yake, akaziweka bega kwa bega, programu ikahama kutoka moja hadi nyingine bila bando hata kidogo, na habari za malori zenyewe ni maneno machache yasiyokula bando. Hivyo ndivyo watu wa pale wanavyopeana nyimbo na video za harusi. Nilishindwa, na nilishindwa kwa haki. Tukakubaliana: sura iwe yake, tumbo la ndani liwe langu.

Siku ya soko tuliyoichagua kwa majaribio, asubuhi nzima tulikuwa tukihamisha programu kwenye simu za watu. Madereva walijiandikisha wenyewe kwa mzaha mwingi. Nilimwona mama mmoja akitazama skrini, kisha akageuka na kwenda moja kwa moja hadi kwenye lori la nyuma ya duka la saruji. Nilimshika mwenzangu mkono nikamwambia tazama, tazama. Naye alikuwa ameshaona.

Muda si mrefu akatujia kibandani mfanyabiashara wa nyanya, mwanamke wa makamo, simu ameishika kwa vidole viwili.

"Madam," alisema, "hii simu inasema lori imeenda."

"Basi imeenda, mama. Tafuta nyingine."

"Imeenda wapi? Lori iko pale. Dereva anakula chapati."

Nikatoka nikatazama. Lori lilikuwepo. Dereva alikuwepo, na chapati pia. Kwenye simu yangu lori hilo lilionekana vizuri na lilikuwa na karibu saa nzima kabla ya kuondoka. Kwenye simu ya mama, jina la lori lilikuwa limefifia na chini yake pameandikwa, kwa maandishi niliyoyachagua mwenyewe: Limeondoka.

Akaja wa pili, kisha wa tatu na wa nne. Mwingine alikuwa ameshaiamini simu, akapakia pasheni zake kwenye pikapu mbovu iliyokuwa ikisukumwa ili iwake. Wenzake walipomwonyesha lori alilolikosa limesimama kivulini, hakucheka. Wengine walicheka, na kicheko chao kilinichoma zaidi. Mmoja akaitia simu kifuani, ndani ya nguo, akasema atatumia macho aliyopewa na Mungu, na wengi wakamfuata.

Nilikasirika, na hasira yangu haijui kukaa kimya. Nikamwambia mwenzangu picha zake na vitufe vyake vimetuharibia. Akanijibu kwamba tumbo la ndani ni langu na ugonjwa ni wa tumbo. Tuligombana mbele ya watu kwa Kiswahili, yeye akiongeza Kifaransa na mimi Kiingereza, na wateja wake wa simu wakasogeza viti wasikilize. Wakati wote huo nilikuwa nikiwaza kile kiti cha Kampala, nikiona kama nimeshakikalia.

Ilibidi mama wa nyanya atunyamazishe. Aliiweka simu yake mezani, akasema tuitazame wenyewe kwa sababu yeye ana mzigo wa kuangalia. Tukaitazama. Saa iliyokuwa juu ya skrini ilikuwa sawa kabisa na yangu. Nikaingia ndani, kwenye mipangilio, na hapo nikasimama. Simu ilikuwa ikiamini kwamba iko Kongo.

Asiyekaa Bwera nimweleze. Kongo ya upande ule iko nyuma yetu kwa saa moja. Mpaka uko karibu, na simu haijui mpaka. Ikishika mnara wa upande wa pili, saa inarudi nyuma, na ukivuka barabara pengine inakwenda mbele. Watu wa pale wamechoka kuchezewa. Wamezima ule ujanja wa simu kujipangia saa, na simu iliyogandia saa ya Kongo wameisukuma mbele kwa kidole mpaka ikalingana na saa ya Uganda. Mambo yao yakaenda vizuri. Halafu tukaja sisi na programu iliyofundishwa kuiamini simu. Programu ikasema: huyu yuko Kongo, basi kwa hesabu ya Uganda nimwongezee saa moja. Ikaiongeza juu ya ile saa ambayo mama alikuwa ameshaiongeza mwenyewe, na lori likaondoka huku limesimama.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Hasira yote iliniisha. Katika ofisi ile ya vioo nisingekutana na jambo kama hili hata ningekaa mpaka nizeeke, kwa sababu huko hakuna anayesukuma saa ya simu yake kwa kidole. Hapa kila mtu anaisukuma.

"Hata mimi nilisukuma ya kwangu," mwenzangu alisema, akinionyesha.

"Na hukuniambia?"

"Nilizania unajua. Hapa kila mutu anajua. Mutu akikuambia tuonane saa ine, unamuuliza kwanza: saa ya wapi? Ya Uganda ao ya Kongo? Kisha njo unaenda."

Nilikaa chini. Kule nilikotoka tuna sheria moja ambayo nimewafundisha vijana wengi kwa ukali: usimwulize mtu saa ya wapi, kompyuta ijue yenyewe, binadamu atakosea. Na hapa kulikuwa na mji mzima uliokuwa ukiulizana swali hilo kila siku bila kukosea, na waliokosea walikuwa sisi wawili na kompyuta yetu. Mwenzangu, kama kawaida yake, alitaka tutafute ujanja mpya wa kugundua mtu yuko upande gani. Mimi nikasema hapana, tuitupe saa ya simu kabisa. Dereva aandike saa kama anavyoitamka, achague mwenyewe kama ni ya Uganda au ya Kongo, na maneno hayo yaonekane vile vile kwa kila mtu. Na lori lisifutike mpaka dereva mwenyewe abonyeze kitufe cha kusema anaondoka.

"Tu hivyo?" aliniuliza, kama aliyepunjwa.

"Tu hivyo."

"Bale ba Kampala batakucheka."

"Waache wacheke."

Tuliandika pale pale mezani, katikati ya simu zilizofumuliwa na harufu ya risasi ya kuunganishia waya, yeye akisoma begani kwangu na kunifokea kila nilipoweka kitufe mahali pabaya. Ni miongoni mwa saa nzuri nilizowahi kufanya kazi. Lakini soko la siku hiyo lilikuwa limeshatupita. Wanawake walikuwa wameondoka na mizigo yao, na wengi wao waliondoka wakiamini kwamba tumewadanganya.

Soko lililofuata liliangukia Ijumaa ile ile ya bosi wangu. Tuliamka mapema tukahamisha programu mpya kwa waliokubali. Wengine walikataa kwa adabu, wengine bila adabu. Mama wa nyanya alikubali, akasema ikimdanganya tena atatuletea nyanya zilizooza tuzile. Kisha tukarudi kibandani tukangoja. Hakuja mtu. Malori yalinguruma nje, soko likajaa, na mlangoni petu palikuwa na mbuzi tu. Simu yangu ikalia: bosi wangu ananikumbusha, kwa upole, kwamba anahitaji jibu kabla ya jioni.

Nikaanza kumwandikia. Niliandika kwamba nashukuru kwa uvumilivu wake, kwamba nimejaribu, kwamba Jumatatu nitakuwa ofisini. Machozi yalikuwa karibu na sikutaka mwenzangu ayaone, ila macho yake hayakosi kitu.

"Unaandika nini?"

"Hakuna aliyekuja," nikamwambia. "Hawaitumii."

"Soko ile ingine balikuya bengi kulalamika, juu ilikuwa mubaya. Sasa habakuye, na unalia?" Akanisukuma begani. "Enda kwa malori, yaya. Enda uone na macho."

Nikaenda, simu mkononi na ujumbe haujatumwa. Kwenye lori la kwanza palikuwa na mwanamke nisiyemjua kabisa, wala sikuwahi kumpa programu. Alikuwa amempa kisogo dereva, anamwelekeza mwenzake mahali pa kubonyeza, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akijua. "Usiangalie saa ya juu," alikuwa akimwambia. "Angalia hapa, imeandika ya Uganda. Sasa unaona? Huyu anaenda Kasese, iko na nafasi." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, wakaanza kuinua magunia. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu katikati ya soko.

Halafu mwanamke yule akaanza kulalamika.

"Lakini hii kitu ni mbaya," alimwambia dereva, akigonga skrini kwa ukucha. "Iko na Kikorongo, iko na Kasese. Ibanda iko wapi? Mimi natoka Ibanda. Mutu wa Ibanda si mutu? Mwenye alitengeneza hii alikuwa analala?"

Dereva, ambaye alinifahamu, alinyoosha kidole. "Muulize mwenyewe. Ni huyu."

Nilitegemea ataona haya. Hakuona haya hata kidogo. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akaja na simu yake mpaka ikakaribia kunigusa pua.

"Ni wewe? Sawa. Weka Ibanda."

"Nitaweka, mama."

"Lini?"

"Soko ijayo."

"Watu wa kompyuta wanakuja, wanaenda," alisema. "Mimi nitakuja hapa na mzigo. Nitakupata?"

"Utanipata," nikasema, nikajisikia nikisema. Nikafuta yote niliyomwandikia bosi wangu, nikamwandikia upya kwamba ampe kiti mtu mwingine, na nikautuma ujumbe nikiwa nimesimama pale pale mbele yake, huku yeye akiniuliza kama naandika Ibanda au naandika mambo yangu.