Sauti Niliyomufunga Binti Yangu

Mwalimu wa Kifaransa aliniita shuleni, hapa Bunia, nikae nyuma ya darasa nijionee. Binti yangu alisimama mbele ya ubao kufanya ekspoze, hotuba ya darasani, juu ya maji safi. Maneno yote alikuwa nayo; wiki nzima nilimusikia akiyarudia akiosha masahani. Lakini pale mbele aliinamisha macho, mikono akaifunga tumboni, sauti ikafia midomoni.

"Dada, unatafuta sindano hapo chini?" mwanafunzi mmoja alimuuliza. Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka, sitamufichia.

"Mama," aliniambia kisha, "mutoto yako iko na akili, lakini anaongea kama mutu anaungama kwa padri. Jumatatu nitamupa nafasi ingine. Akikosa pointi hizi, atarudia mwaka."

Sura ile niliitengeneza mimi. Tulipokimbia vita kutoka Djugu, wale wenye mapanga waliochoma nyumba yetu walikuwa wanasimamisha watu njiani na kuwasemesha, wajue kwa sauti mutu ni wa upande gani. Nilimufinya mutoto: "Macho chini. Mikono pamoja. Jibu kidogo sana." Alikuwa na miaka saba. Tulipita. Tukafika huku, na siku hata moja sikumwambia kwamba hatari imekwisha. Wageni wakisema, "Huyu iko na heshima!" mimi nilifurahi.

Jumamosi nilimusimamisha mlangoni, nami nikaenda kukaa mbali, kwenye ua wa matete.

"Piga sauti mpaka nisikie!"

"Mama, majirani watacheka."

"Wacheke!"

Alianza polepole. Halafu akainua kichwa, akanitazama usoni, mikono ikafunguka, Kifaransa kikatoka kikubwa, kizuri. Sikujua kama iko na sauti ile.

Pikipiki ikasimama barabarani. Kabla sijafikiri, kidole changu kilikuwa midomoni: "Sss!"

Alinyamaza palepale. Macho chini, mikono tumboni. Na pikipiki ilikuwa ya jirani, ametoka sokoni.

"Endelea, mama yangu," nilimubembeleza.

"Nimemaliza," akajibu, chini chini.

Jumatatu alirudi na karatasi. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba hasikiki, atarudia mwaka. Nilivaa kitambaa kichwani, nikaenda kumwambia kosa si la mutoto, ni langu. Nilisimama mbele ya meza yake, nikaeleza yote, tangu barabara ya Djugu.

"Mama," alisema, "inua sauti. Sikusikii."