Siku Nilipomsingizia Mwalimu Sudi

Naona haya hata kulisimulia jambo hili, na wanaolijua hapa Houston wakinikuta dukani nimeshika sabuni ya kufulia hucheka mpaka leo, kwa hiyo afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nakaa mtaa wa Sharpstown, na sisi wanawake wa pwani tulikuwa na wazimu wetu mmoja: vitabu vya Mwalimu Sudi, mstaafu anayefichua wauaji kijijini kwao. Nakala ilikuja moja tu, ndani ya sanduku la mgeni, tukaisoma kwa zamu. Kilipofika cha kumi na moja, mwandishi (mzee mmoja huko nyumbani, binamu yake Bi Zuhura anayekaa Katy, pembeni ya Houston) alituma salamu kwamba amechoka, anataka kuacha. Tukakubaliana tumrekodie kaseti, kila mmoja atoe maoni yake, labda moyo utamrudi. Mimi nilitaka hivyo kuliko wote, maana vitabu vile ndivyo vilivyokuwa vikinirudisha nyumbani.

Alasiri ya mwisho ya zamu yangu nilikwenda nacho chumba cha kufulia, zimebaki kurasa ishirini, nikaegemea mashine ya kukaushia, joto linanipanda mgongoni taratibu, nguo zinazunguka, zinazunguka, nikajiambia nifumbe macho kidogo tu (hapo ndipo nilipojimaliza). Nikamwona Mwalimu Sudi anaingia, kanzu imelowa, mikono ina damu, ananiomba sabuni kwa upole kama jirani. Nilipozinduka kitabu kiko kifuani, nguo zimekauka, nami nina huzuni ya mtu aliyemaliza hadithi. Nikakipeleka kwa mwenzangu wa zamu iliyofuata.

Jumapili, kwa Bi Zuhura, sebule imejaa, kaseti inazunguka. Wenzangu wakasifu kwa adabu. Mimi nikaishika maikrofoni na machozi juu: "Miaka yote tumempenda Mwalimu, leo umfanye yeye ndiye muuaji? Aje kuomba sabuni ya unga ya boksi la buluu anawe damu?"

Bi Zuhura akasema polepole, "Mwanangu, aliyeua ni fundi cherehani. Mwalimu ndiye aliyemkamata. Na hiyo sabuni ya boksi, kijijini imefikaje?"

"Si ndiyo hiyo ya laundry yetu!" akadakia Mwanaisha, jirani yangu. "Wallahi dada, wewe ulilala!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nikaomba nifutiwe maneno yangu kwenye kaseti, Bi Zuhura akakataa, akasema sauti yangu ndiyo pekee iliyokuwa na machozi. Kaseti ikaenda, na kwa miezi kadhaa niliishi na hofu kwamba mzee ameudhika, kwamba mimi ndiye niliyemuua Mwalimu Sudi.

Jibu lilikuja kwa kaseti pia, tukakusanyika kusikiliza. "Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kunichungulia," mzee alisema. "Cha kumi na mbili nimeshaanza. Ila yule dada wa sabuni nina swali naye: ulimpa?"

Sebule nzima ikanigeukia. Tangu hapo kurasa za mwisho nazisoma nimesimama wima, wala sitoi maoni kabla sijaulizia kwanza kwa Mwanaisha. Lakini siku ile niliinamisha kichwa nikasema kweli. Nilimpa, na taulo pia.