Skuli ya Ukumbini Kwangu, Bani Malik

Nilipofungua skuli ya Kiswahili ukumbini kwangu, mtaa wa Bani Malik mjini Jeddah, walikuja watoto kumi na mmoja. Walikuwa wajukuu wa watu wa Unguja, wamezaliwa hapohapo, Kiarabu ndiyo lugha yao. Mimi nilikuwa mjane, wanangu wameshaoa na kuhama. Nilitandika mkeka, nikanunua ubao, tukawa tunasoma kila Alhamisi baada ya alasiri.

Mwalimu mwenzangu alikaa miezi mitatu tu, akaolewa. Mwenye nyumba akalalamika kwamba viatu vya watoto vimejaa ngazini. Nikawa naviingiza jikoni mwenyewe. Halafu wazazi wakaanza kuwatoa watoto mmoja mmoja. Mama mmoja aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, Kiingereza kitamfaa zaidi. Kiswahili atazungumza na nani?"

Nikampa daftari la mwanawe, wakaondoka.

Mwaka wa pili alibaki msichana mmoja tu, wa miaka kumi. Nilimsomesha kama kwamba ukumbi umejaa: imla, hadithi, maamkizi. Kisha baba yake akahamishiwa kazi Riyadh, wakaondoka. Alhamisi zilizofuata niliendelea kukaa pale saa ileile, nikisikiliza watu wakipanda ngazi kwenda kwao.

Miezi ikapita, mama wa yule msichana akanipigia simu. Alisema kwa Kiarabu kwamba mkwewe, bibi wa mtoto, amepata kiharusi na Kiarabu chote kimemtoka. Anasema Kiswahili tu, hata mwanawe hakijui, na nyumba nzima anayemwelewa ni yule mtoto.

Nikaenda Riyadh kuwaona. Nilimkuta msichana kitandani kwa bibi yake, amemshika mkono.

"Mwambie mama yako chai imezidi hiliki," bibi alisema.

Mtoto akamgeuzia mama yake maneno yale kwa Kiarabu. Mama akacheka, kisha akajifuta macho kwa ushungi. Mimi nilitoka nikasimama barazani kidogo.

Tangu hapo msichana akawa ananipigia. "Mwalimu, bibi anataka upawa. Upawa ni nini?" Nikamweleza ni kata ya kifuu cha nazi ya kupakulia mchuzi. Zilikuwa simu fupi, nami nilizisubiri siku nzima.

Bibi alipofariki, simu zikapungua, mwisho zikakoma. Sikumlaumu, ana masomo, ana wenzake. Skuli sikuifungua tena. Siku hizi Kiswahili nazungumza kwa simu na dada yangu aliyeko Unguja, akipata nafasi.