Mwandiko wa Wifi Dionisia

Wifi yangu Dionisia alirudi nyumbani Naipingo mwaka 1999, binti yake Faith mgongoni na sanduku la bati kichwani. Mume alikuwa amemwacha akahamia kwa mwanamke mwingine, na sisi hatukumchimba zaidi ya hapo. Kaka yake Modest, ambaye ndiye mume wangu, akamjengea chumba ubavuni mwa jiko. Mimi nilinuna, kisha nikachoka kununa, maana wifi alikuwa mtu wa kuchekesha na mnuno hauwezi kukaa na mtu wa hivyo.

Kazi aliyoipata ilikuwa kubangua korosho. Alizichoma kwenye karai lililotobolewa matundu, mafuta ya maganda yakalipuka moto na moshi mweusi ukatufukuza sote uani, kisha akakaa chini kuzigonga moja moja na kutoa punje. Punje alizipeleka stendi ya Nachingwea kuwauzia abiria. Vidole alivipaka majivu kama wanavyofanya wanawake wote wa kazi hiyo, lakini yale mafuta hayajali majivu. Baada ya misimu miwili ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngumu, na ngozi inabanduka vipande vipande. Alishika kikombe cha chai ya moto bila kushtuka, na mimi ndiye niliyeshtuka.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikisema mpaka nikakikariri: ukarani wa mizani katika chama chetu cha ushirika. Msimu ukifunguliwa, karani anakaa ghalani kivulini, anasoma mizani, anamwandikia mkulima stakabadhi ya korosho zake, na mshahara anapata.

"Nikiipata ile kazi nitahama hapa kwako, wifi, na wewe upumue," aliniambia. "Na hivi vidole navyo vipumue."

Hesabu alikuwa anaziweza. Shuleni alikuwa anawaacha wavulana mbali. Kilichomponza ni mwandiko. Tangazo la kazi lilitaka maombi yaandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, naye aliandika, akapeleka. Bwana Shaibu, katibu wa chama, aliitazama ile barua, akaigeuza, akaitazama tena.

"Dada Dionisia, hapa si kuku kaparura?" alisema.

Watu wa kwenye benchi wakacheka, naye akacheka nao. Nyumbani hakucheka. Alilia jikoni akasingizia moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Sababu yenyewe ilikuwa vidole. Kwa kuwa havisikii, ili ajue kwamba kalamu bado imo mkononi ilimbidi aibane na kuikandamiza kwa nguvu zote. Bairo ikachimba karatasi mpaka ikaitoboa, na herufi zikaangukiana. Nane yake ilikuwa tatu, tatu yake ilikuwa haijulikani.

Aliyemwonea huruma ni Sista Goreti, aliyekuwa anafundisha ushonaji parokiani. Alimpa kalamu yake ya zamani ya nibu, ile inayonyonya wino kutoka kwenye chupa, pamoja na chupa yenyewe nusu. Siku hiyo nilikuwepo, na maneno ya Sista nayakumbuka.

"Hii kalamu haitaki mabavu," alisema. "Ukiikandamiza inatanua mdomo na kutema wino, unaaibika. Iache iteleze. Andika kwa mkono mzima, usiandike kwa vidole, kwa sababu vidole vyako vimekwishachoka."

Basi tukaanza kuishi na wino. Meza ikawa ya buluu, kanga yake ikawa ya buluu, mwiko wangu nao ukapata alama. Jioni moja nilimwuliza kama tunakula ugali au tunakula barua. Alinijibu kwamba nikibahatika nitakula vyote viwili. Karatasi za madaftari ya Faith zilifyonza wino mpaka herufi zikavimba, kwa hiyo akawa anaomba kalenda za zamani kwa majirani na kuandika mgongoni mwake, ambako ni laini. Mstari mzima wa a, mstari mzima wa b. Modest alisema dada yake amerudi chekechea. Wifi hakujali.

Sista alipohamishiwa Ruangwa nilidhani mambo yamekwisha, maana madukani Nachingwea walikuwa wanauza bairo tu na wino wa chupa hakuna aliyeujua. Wifi akawa anapanda malori kwenda Ruangwa na mfuko wa punje za korosho kama zawadi. Sista anazikagua zile kurasa, anapiga mstari chini ya herufi zilizolala, anamjazia chupa, anamrudisha. Safari moja mvua iliharibu barabara, akalala njiani juu ya magunia ya ufuta. Alifika nyumbani na homa, lakini chupa ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa, haikumwagika hata tone.

Ilichukua muda mrefu, lakini mkono wake ulibadilika. Siku moja nilimkuta anaandika jina la Faith, nikasimama nyuma yake. Kalamu ilikuwa inapita juu ya karatasi kama haiigusi. Nilimwonea wivu, nasema kweli, na papo hapo nikajisikia fahari kana kwamba mkono ule ni wangu. Baada ya hapo watu walianza kuja. Mwenye kijana wa kuoa alimletea barua ya posa aiandike upya, na wakwe wakaisifu barua kabla ya kumjua kijana.

Mwaka 2003 nafasi ya ukarani ikatangazwa tena. Wifi aliandika maombi kwenye karatasi nzuri, ukurasa mmoja, hakuna herufi iliyoegemea mwenzake. Safari hii aliitwa ofisini, yeye na kijana mmoja wa Mkotokuyana anayeitwa Nuhu. Nilimsindikiza. Alikata kucha, akavaa gauni alilolivaa siku ya ubatizo wa Faith, na kalamu akaishika mkononi njia nzima ili isitikisike.

Bwana Shaibu safari hii alimpa kiti. Aliisifu barua mbele ya wajumbe, akasema makosa ya nyuma tusahau. Mimi pale mlangoni nikaanza kupanga nitakachoweka kwenye kile chumba akihama.

"Sasa tuone kazi yenyewe," alisema, akamsogezea kitabu cha stakabadhi. "Mwandikie mkulima mmoja hapo."

Kitabu kilikuwa na karatasi tatu tatu, nyeupe, ya njano na ya pinki, na kati yake karatasi nyeusi za kaboni. Wifi alifuta nibu, akaandika jina, kijiji, kilo. Aliandika vizuri mpaka mjumbe mmoja alisimama kutazama. Bwana Shaibu akafunua. Kwenye ya njano palikuwa na kivuli cha maandishi. Kwenye ya pinki hapakuwa na kitu.

"Haijapenya," alisema. "Bonyeza kidogo."

Wifi alibonyeza. Nibu ikatanuka, ikakwaruza, wino ukamwagika juu ya kilo za mkulima. Hakuinua uso. Bwana Shaibu, kwa upole kabisa, akampa bairo. Wifi akaibana na kuikandamiza, na maandishi yakafika mpaka chini kabisa. Na nilipotazama kutoka mlangoni nikauona ule mwandiko wa zamani, nane ileile na tatu ileile, kama vile mwaka wote wa kalenda na malori haukuwahi kuwepo.

Bwana Shaibu aliiangalia ile ya pinki.

"Dada yangu, nifanyeje," alisema. "Ukiandika vizuri haifiki chini, na ikifika chini haisomeki."

Kazi alipewa Nuhu.

Njiani nilimtukana Sista, nikautukana ushirika, nikamtukana na aliyebuni kaboni. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu nilizikuta zile karatasi za pinki zimechomekwa ukutani kwangu, za msimu uliopita na za msimu wa kabla yake. Mkulima anapewa ile ya chini kabisa. Kila mwaka Modest alikuwa anauza korosho na kurudi nayo, ina maandishi ya kaboni, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba ili yafike pale lazima mtu akandamize. Mwaka mzima tulimshangilia akijifunza kutokandamiza.

Alijaribu bairo tena kwa muda, akaacha. Nibu ilikuwa imepinda, haikunyooka. Sista naye alihamishwa tena, mbali zaidi, na barua za posa zikawa zinapigwa chapa mjini. Wifi akarudi kwenye karai. Hajahama kwangu mpaka leo, na mimi siku hizi naogopa tu asije akaondoka.

Msimu uliofuata alikuwa na gunia lake mwenyewe la korosho, nikamsaidia kulifikisha ghalani. Nuhu alipima, akaandika, akamgeuzia kitabu.

"Shangazi, weka sahihi hapa."

Nilisubiri achukue kalamu. Angeweza kuandika jina lake, hata vibaya. Badala yake alimwambia Nuhu amletee kibweta cha wino wa dole gumba, kama wanavyofanya wazee ambao hawajaenda shule. Nilimvuta gauni, hakugeuka. Akabonyeza dole gumba, akakandamiza kwenye karatasi.

Likatoka doa jeusi tu. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Jaribu kidole kingine, Shangazi," alisema Nuhu.

Alijaribu cha shahada, akajaribu cha kati, akahamia mkono wa pili. Mafuta ya korosho yalikuwa yameifuta mistari yote ya vidole. Nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri na magunia yao, na mmoja akaanza kunung'unika. Nuhu akaangalia foleni, akavuta kitabu, yeye mwenyewe akaliandika jina la wifi, kwa bairo, akibonyeza sana, na likafika mpaka chini.